Bwana Mifugo Aliyebilisa Sungura

Mimi sungura siwapendi. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani naandika haya kwa mapenzi ya wanyama. Sungura anakuangalia kama karani anayesubiri uondoke dirishani, anakojoa popote, na ukimbeba vibaya anakupiga teke la tumbo ukaona nyotanyota. Niliyempenda ni Bwana Mifugo, kama mtu anavyompenda mjomba mkorofi, na hilo nalo nilichelewa kulijua, maana miaka tisa tuliyokaa chumba kimoja cha ofisi pale Bariadi tulikuwa tukigombana kuanzia chai ya saa nne mpaka kufunga madirisha. Mtu huyohuyo nilimdanganya juu ya sungura mmoja aliyenikabidhi, na uongo wenyewe ukadumu kuliko kazi yetu. Basi nimeona niandike.

Yeye alikuwa afisa mifugo, mimi mpiga chapa wake. Jina alikuwa nalo, nimelipiga kwenye barua mamia, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitumia. Sokoni Bwana Mifugo, kanisani Bwana Mifugo. Aliposhikwa na malaria tukampeleka hospitali, nesi aliyekuwa akiita wagonjwa kwa majina alifika kwenye karatasi yake, akaitazama, akaiweka chini, akasema, "Bwana Mifugo, pita." Mimi aliniita Sekretari, ingawa cheo hicho sikuwa nacho wala mshahara wake sikuuona. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, halafu akaanza kulalamikia koma nilizozisahau jana yake.

Hakuwa Msukuma, hilo lilisikika akifungua mdomo tu. Alikuwa amekaa huku miaka na miaka na bado anasema "mwangaluka" saa kumi jioni, salamu ya asubuhi, na watu wakimwitikia hivyohivyo kwa huruma. Ila ng'ombe walimwelewa. Akifika kwenye kaya ya mtu alianzia zizini: huyu hajambo, yule mguu umepona, yule mwenye baka mbona kakonda? Wenye nyumba wamesimama pale, mikono wameshanyoosha, wanangoja. Akimaliza zizi zima ndipo anakumbuka kuna watu. Wazee wa Nkoma walikuwa wakisema afadhali wajifunge kamba shingoni, labda watasalimiwa mapema.

Alivaa koti la kaki lenye mifuko sita. Mfuko wa juu kulia ulikuwa na michembe, vile viazi vitamu vya kukatwa na kukaushwa, aliyokuwa akiitafuna kutwa. Mfuko huohuo ulikuwa na kipimajoto cha ng'ombe. Anayejua kipimajoto cha ng'ombe kinawekwa wapi ataelewa kwa nini miaka tisa sikuwahi kuonja michembe yake.

"Kimeoshwa," alikuwa akiniambia.

"Hata kama."

Alinikaribisha kila siku, na kila siku nikikataa alishangaa upya.

Alikuwa na neno lake moja la kujifichia: "Mimi ni mtumishi wa serikali." Ukimwalika harusini, yeye ni mtumishi wa serikali. Ukimuuliza mbona kamjibu mkuu wetu kwa ukali, ni mtumishi wa serikali. Mama mmoja mjane kule Nkoma ng'ombe wake wa pekee alishindwa kuzaa, na Bwana Mifugo akakaa kwenye tope lile tangu asubuhi mpaka jua linazama, mkono umeingia mpaka begani. Ndama alipotoka yu hai, yule mama akamkumbatia mbele ya watu. Habari hizo nilizipata sokoni. Nilipomuuliza, aligeuka ukutani akaanza kutafuta kalamu ambayo ilikuwa sikioni mwake. "Sekretari," akasema, "mimi ni mtumishi wa serikali."

Mambo yalipoanza kufunguliwa, ruksa hii na ruksa ile, alikuwa mtu wa kuchekesha kweli. Asubuhi anasimama dirishani anailaumu hiyo ruksa. Wanunuzi binafsi wa pamba wameingia na malori yao, wananunua mpaka barabarani, nani atapima daraja la pamba? Dawa za mifugo zinauzwa dukani pamoja na sabuni na chumvi, nani atajua zimeisha muda? Nchi inakwenda wapi? Saa nane mchana mtu huyohuyo anarudi kutoka mjini anasukuma baiskeli yake, na baiskeli ina tairi mpya mbele na nyuma. Zamani tairi moja ya baiskeli ilitaka kibali na miezi ya kusubiri, na mimi ndiye niliyekuwa napiga hizo barua za kuomba. Sasa kaingia dukani, katoka nazo mbili. Alizungusha gurudumu kwa kidole pale mlangoni huku anaangalia linavyozunguka, na uso wake wote umefunguka.

"Si unasema nchi inaharibika?" nikamchokoza.

"Inaharibika," akasema. "Angalia hii raba ilivyo nzuri."

Nije kwa sungura. Nyuma ya ofisi yetu kulikuwa na mabanda ya mradi. Wafadhili waliuleta ili watu wafundishwe kufuga sungura wa nyama, watoto wapate afya. Bwana Mifugo aliuhubiri mradi ule mnadani, kliniki, mpaka kwenye vilio vya watu. Nyama nyeupe, haina mafuta, inapikika haraka. Nilimpigia karatasi ya kugawa, "Faida za Nyama ya Sungura", zikafika faida kumi na moja, na ya kumi na moja ilikuwa ni ile ya tatu imevaa nguo nyingine. Watu walizipokea kwa heshima wakafungia karanga. Huku kwetu mali ni ng'ombe. Sungura ni kitu cha kufukuzana nacho wakati wa palizi.

"Na wewe mwenyewe," nikamuuliza siku moja, "umemla lini?"

Akainamia makaratasi. Hakuwahi. Mbuzi alikula mpaka ulimi, kuku alikula mpaka miguu, lakini sungura wa mabanda yale hakuna aliyepita kooni mwake. Wala hakuwapa majina. Kila mmoja alikuwa na namba ya wino ndani ya sikio, na alisema namba inatosha, jina linaleta mazoea. Halafu unamkuta mabandani ameinama, anazungumza taratibu na Namba Ishirini na Mbili kuhusu tumbo lake.

Barua ya kufunga mradi nilikuwa wa kwanza kuisoma, maana bahasha zote zilipita kwangu. Mradi umekwisha, wafadhili wameondoka, kiwanja na mabanda vimeuzwa kwa mnunuzi wa pamba atakayeweka ghala, na idara inapunguza wafanyakazi. Chini kulikuwa na majina. Lake lilikuwepo na langu lilikuwepo. Nikaweka kichwa juu ya mashine nikalia. Yeye akaichukua barua, akaisoma pole pole mpaka mwisho, akarudi juu akaisoma tena.

"Na sungura?" akauliza.

"Bwana Mifugo, tumefukuzwa kazi!"

"Hilo nimeliona. Hapa wanasema mifugo iliyopo iondolewe kabla ya mwisho wa mwezi. Iondolewe wapi?"

Walikuwa sungura thelathini na wanne. Yule mnunuzi, mtu mchangamfu, wala si mbaya, alijitolea kutusaidia: atawachukua wote siku ya kufungua ghala awachomee madereva wake mishikaki. Bwana Mifugo akamshukuru. Halafu akaja akakaa kwenye kiti chake, mikono magotini. Miaka yote ile alikuwa akiwahimiza watu wawale, na leo amejitokeza mtu wa kwanza kumtii.

"Nitawatafutia nyumba," akasema. "Wote."

Nikacheka. Nilidhani ni hasira za siku moja.

Wawili wa kwanza aliwapeleka kwa mwalimu mmoja jirani, mtu mstaarabu, akamwachia na maelekezo ya majani na maji. Keshokutwa yake yule mwalimu akatukuta barabarani, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Bwana Mifugo, wabeja sana! Ulikuwa unasema kweli. Nyama laini, watoto wamelamba mpaka sufuria." Nilimtazama Bwana Mifugo usoni nikaona aibu mimi. Alisema "karibu", akapanda baiskeli, akaenda upande ambao hatukuwa tunaelekea.

Aliyemwokoa ni bibi mmoja wa Zagayu, ambaye naye nitamwita hivyo tu. Alikuja ofisini kuomba dawa ya ng'ombe anayechechemea, akamkuta Bwana Mifugo analalamika peke yake. Bibi akasikiliza yote, kisha akamuuliza kama mtu na babu yake, "Wewe guku, hao sungura ulimpa mwalimu?"

"Nilimpa."

"Ukimpa mtu kitu si chake? Kala chake. Ungembilisia, angethubutu?"

Kwa asiyejua: kubilisa ni jambo letu la ng'ombe. Una ng'ombe wengi, unamkabidhi rafiki baadhi, awafuge kwake. Maziwa anywe, samadi atie shambani, lakini ng'ombe ni wako. Haruhusiwi kumchinja wala kumuuza, na akifa kwa ugonjwa lazima akuletee ngozi, uione kwa macho yako. Mtu anayekula ng'ombe aliyebilisiwa, hata shetani anaona haya kukaa naye. Bwana Mifugo alilijua neno hilo miaka yote, maana kila alipochanja ng'ombe aliambiwa hawa si wangu, nimebilisiwa. Lakini kulipeleka kwa sungura hakuwahi kuwaza. Alisimama, akampa yule bibi dawa na michembe kiganja kizima. Bibi akaitafuna pale pale, na mimi nikatazama pembeni.

Tukaanza safari. Nasema tukaanza kwa sababu kubilisa kunataka shahidi, na shahidi akawa mimi. Nilikuwa nimeshafukuzwa kazi, nifanye nini? Tulikwenda kwa miguu, kwa baiskeli, na juu ya malori ya pamba, na matenga ya sungura katikati ya magunia. Kila kaya tuliyofika alizungumza na mwenye mji kwa heshima zote: "Nimekuja kukubilisia." Mzee akishasikia neno hilo anaacha mzaha. Anaita mkewe, anaita ndugu, wanakaa kwenye viti. Ndipo tenga linafunguliwa, anatoka sungura. Kuna mzee wa Nkoma alimtazama yule mnyama muda mrefu, akamtazama Bwana Mifugo, akanitazama mimi. Nilibana meno nisicheke. Kisha mzee akasema kwa sauti nzito, "Nimempokea. Akiugua nitakuita."

Bwana Mifugo hakumkabidhi kila mtu. Alikagua. Mbwa yuko wapi, amefungwa? Majani ya viazi yanatoka shamba gani? Hapa jua la saa tisa linapiga? Shemasi mmoja alikataliwa kwa kuwa alicheka wakati wa makabidhiano. Mwenye duka la vitambaa hapo mjini, Mwislamu, mtu wa watu, alipewa wawili baada ya kujibu maswali mpaka jasho likamtoka, akasema hata binti yake alipoposwa yeye hakuuliza hivyo.

Mwisho wa mwezi ukafika, akabaki mmoja: Namba Tisa. Alikuwa jike la miaka mitano, sikio limechanika, na meno ya mbele yalikuwa yamepinda, hayakutani, kwa hiyo yanarefuka bila kukoma mpaka ashindwe kula. Kila mwezi lazima yakatwe kwa koleo ndogo. Nani atataka mzigo huo? Alizungushwa kaya tisa na kurudishwa. Na kwenye chumba alichopanga Bwana Mifugo pale Somanda mwenye nyumba alishasema hataki mnyama. Jioni ile nikasikia hodi, namkuta mlangoni kashika tenga.

"Sekretari, nakubilisia."

"Mimi? Mimi sungura siwapendi, Bwana Mifugo!"

"Najua. Ndiyo maana hutamzoea ukamharibu. Meno nitakuja kumkata mwenyewe, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi."

Mume wangu alikuwa nyuma yangu, akasema, "Pokea, mama, tulale." Nikapokea. Shahidi akawa yeye.

Hapo ningesema hadithi imekwisha vizuri, kama sungura angekuwa ng'ombe. Lakini yule mtu mzima, msomi wa mifugo, mwenye cheti chenye mhuri, alisahau kitu ambacho kila mtoto wa Kisukuma anakijua: ng'ombe wa kubilisiwa akizaa, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Na sungura anazaa mwezi kwa mwezi.

Wa kwanza kufika alikuwa yule bibi wa Zagayu, ambaye naye alikuwa amekabidhiwa wawili. Kipindi kile mimi nilikuwa nimeweka meza sokoni, napigia watu barua kwa mashine yangu mwenyewe, na Bwana Mifugo alikuwa ameanza kutibu ng'ombe kwa kujitegemea, kwa ruksa ileile aliyoilaumu, na kazi zikamjia mpaka akanenepa. Alikuwa amekaa mezani kwangu bibi alipotua tenga.

"Guku, ng'ombe wako wamezaa," akasema. "Ndama kumi na mmoja. Nimekuletea."

Bwana Mifugo akafunua kitambaa. Akafunika. "Mayu, mama yangu, wewe si ungebaki nao tu?"

"Wa kwangu?" Bibi akakasirika kabisa. "Unataka watu waseme nimekula ndama za mtu?"

Kesho yake wakaja wa Nkoma. Wiki iliyofuata yule mwenye duka la vitambaa akaleta boksi. Wote waaminifu, wote wamesimama wima, wameleta mali ya mwenyewe. Hakuna aliyekula hata mmoja, hakuna aliyeuza. Chumbani kwake sungura wakajaa chini ya kitanda, kwenye beseni, ndani ya koti. Mwenye nyumba akampa siku tatu. Mimi nilicheka mpaka nikashikilia meza, na sikujificha. "Faida ya kumi na mbili," nikamwambia.

Lakini yeye hakucheka, na nikaelewa baadaye kwa nini. Njia ilikuwepo: mwenye ng'ombe akiridhika humpa mfugaji ndama wa shukrani, akawa wake. Angeweza kuwaachia watoto wote kwa njia hiyo. Ila wakishakuwa wa watu, vya watu vinaliwa, na hilo alilijua kuliko sisi sote. Siku mbili alishinda akiwakatia sungura majani. Ya tatu ilikuwa siku ya mnada. Akasimama katikati ya wenye ng'ombe, koti amelifunga vifungo vyote, akatangaza: sungura aliowabilisa ni wake na watabaki wake. Watoto wote, waliozaliwa na watakaozaliwa, ni wa wafugaji, ahsante kwa uaminifu wao.

Yule bibi akauliza mbele za watu, "Tule?"

Bwana Mifugo akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mnaweza kula," akasema. "Nyama nyeupe. Haina mafuta. Nimewaambia miaka yote."

Mchana huo hakula chochote. Lakini ndiyo ukawa mradi wenyewe, uliokufa mikononi mwa wafadhili ukafufuka wenyewe bila barua hata moja. Mpaka leo ukipita kaya za kule utaona vizimba, na watoto wa pale wana mashavu. Yeye akipita alikuwa akiangalia upande mwingine wakati wa kula, na akifika kwenye kizimba cha sungura mama aliyembilisa anachuchumaa, anamkagua macho, kucha na kinyesi, anakunywa maji ya wenyeji, anaondoka ametulia. Nadhani miaka ile ndiyo alikuwa na raha kuliko yote niliyomjua. Alikuwa na nyumba thelathini za kwenda.

Kisha ngozi zikaanza kurudi. Sungura haishi sana. Akifa mmoja, mwenye kaya anamchuna, anakausha ngozi na sikio lake lenye namba, anamletea. Bwana Mifugo anaipokea kwa mikono miwili, anaisoma namba, anasema "ahsante, umemtunza." Anaagana na mtu yule vizuri sana. Na kwenye kaya ile harudi tena. Nilimwambia aende tu kusalimia, wanamwulizia. Akaniuliza, "Nikafanye nini?" Alikuwa mtu wa namna hiyo. Nyumbani kwa mtu bila kazi hakwenda.

Kwangu alikuja kila Jumamosi ya kwanza na koleo yake. Namba Tisa nilimweka nyuma ya nyumba, chini ya kibanda cha bati jipya nililolionea fahari. Mwaka wa pili, mwezi wa kumi, jua linawaka, nilikwenda Binza kule Maswa kwenye harusi ya mdogo wangu, siku mbili. Sikumwachia maji ya kutosha. Nilisahau, basi. Nilikuwa nawaza nguo. Niliporudi alikuwa amelala ubavu, ulimi nje, na chombo kikavu. Nilikaa chini pale nikamlilia sungura nisiyempenda. Nilipaswa kumchuna na kupeleka ngozi, kama walivyofanya watu wasiojua hata kuandika. Nikaona siwezi. Nitasema alikufa kwa nini? Nikamzika kwenye mpapai na ngozi yake.

Jumamosi akaja, koleo mkononi.

"Nimeshamkata meno mwenyewe," nikasema mlangoni. "Usisumbuke, Bwana Mifugo."

Akanitazama. Akaitazama koleo yake, akaifuta kwenye koti, akairudisha mfukoni. "Vizuri," akasema. "Chai ipo?"

Nilishukuru Mungu kwamba nimemdanganya. Mwezi uliofuata akaja tena. "Anakula?" Anakula. "Kinyesi?" Kigumu. "Meno?" Nimekata. Akanywa chai vikombe viwili, akasema koma zangu bado mbaya, akaondoka. Ikawa hivyo mwaka, ikawa miaka. Tukazoea. Mume wangu alikuwa akitoka nje kwenda kucheka peke yake, akirudi ananiambia, "Mwambie mtu wa watu." Nasema mwezi ujao. Nilikuwa naumia kweli, msidhani ni mchezo. Mtu mzima anakuaminia kitu chake, na kila mwezi unamtazama machoni unasema anakula. Hata yule bibi wa Zagayu alishaleta ngozi zake zote mbili. Ngozi thelathini na moja zilikuwa zimerudi, nilizihesabu ukutani kwake. Ukiondoa wale wawili wa mwalimu, ilikuwa imebaki moja tu, ya kwangu.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia alikuja kwa bodaboda, anatembea na fimbo, miaka kumi na mmoja baada ya kaburi la mpapai. Alipanda ngazi yangu moja kwa kupumzika katikati. Nilimwona anavyotweta, nikajiambia huyu akifa kabla sijasema, nitalala vipi? Nikamwekea chai, nikakaa mbele yake.

"Bwana Mifugo, Namba Tisa alikufa."

Akakoroga chai. "Lini?"

"Zamani. Mwaka wa pili. Kwa kiu. Nilisahau maji, nikakuficha, na ngozi nikaizika. Nisamehe." Machozi yakanitoka kama mtoto.

Aliendelea kukoroga. "Sekretari," akasema, "leo angekuwa na miaka kumi na minane. Mimi nimesomea mifugo."

"Ulijua?"

"Jumamosi ileile. Koleo hujui hata inashikwa vipi, unaniambia umekata meno."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ungeleta ngozi." Akanywa kidogo, akaweka kikombe. "Wote walileta ngozi. Watu waaminifu sana wa huku. Zagayu wameleta, Nkoma wameleta. Na wewe ungeleta, halafu ningekuwa nakuja hapa kufanya nini?"

Nilimjazia chai ingawa kikombe kilikuwa kimejaa, ikamwagika mezani, na hakuna aliyeifuta.

"Umemwambia mtu mwingine?" akauliza.

"Mume wangu tu."

"Huyo alikuwa shahidi, anaruhusiwa." Akashika fimbo, akainuka pole pole. "Basi bado yupo."

Akapita mbele yangu, akazunguka nyuma ya nyumba, mahali ambapo hakukanyaga miaka yote kumi na mmoja. Kile kizimba nilikuwa naweka vitunguu. Akainama mbele yake kwa taabu, mkono mmoja kwenye fimbo, akagonga waya kwa kidole, akachungulia huku na huku kwa uso uleule wa kazi.

"Amenenepa," akasema. "Mpunguzie majani. Nitakuja Jumamosi ya kwanza nimwangalie tena."